Kioo Kilipogeuka Buluu

Kompyuta iliingia nyumbani kwetu, pembezoni mwa mji wa Shinyanga, ikiwa imeviringishwa mablanketi na kufungwa kamba ya katani kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Aliileta mwanangu mkubwa katika waliobaki hai. Alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja iliyokuwa ikitafuta dhahabu huko Geita, na kampuni ilipobadilisha mashine zake, zile za zamani waligawiwa wafanyakazi. Alipanda nayo lori hadi Kahama, na kutoka Kahama akaja amekipakata kile kioo magotini, hataki mtu akiguse.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimestaafu ukatekista baada ya kiharusi kidogo kuupitia mkono wangu wa kulia. Kutembea niliweza na kusema niliweza, lakini kalamu ilinikataa. Mtu aliyefundisha sakramenti kwa chaki tangu ujana wake alikuwa sasa hawezi kuandika jina lake likasomeka. Mwanangu alisema, "Baba, hapa huhitaji mkono. Unahitaji kidole kimoja tu." Akanifundisha kubonyeza herufi kwa kidole cha shahada cha kushoto, kuhifadhi maandishi, na kuizima kwa utaratibu. Alikaa nasi siku chache, akarudi kazini.

Nieleze kwa nini tuliitaka sana mashine hiyo. Mke wangu alikuwa mtunzi. Hakusoma hata darasa moja, lakini nyimbo nyingi ambazo akina mama wa parokia yetu waliimba kwa Kisukuma alizitunga yeye, akiwa shambani au jikoni, na zote zilikaa kichwani mwake. Mwaka ule hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na uvimbe tumboni. Walitupa dawa za maumivu na maneno ya upole. Padri akasema ingefaa nyimbo zikusanywe ziwe kitabu kidogo, maana vijana walikuwa wanaimba nusu na nusu wanabuni. Mke wangu akakubali, ila kinasa sauti alikikataa. Tulikuwa na redio ya kaseti, na nilimwomba aimbe nimrekodi. Akanijibu, "Mwalimu, sauti hii si yangu tena. Sitaki wajukuu wanisikie nikikoroma kama ng'ombe mwenye mwiba kooni." Aliniita Mwalimu tangu tulipooana, na alipolitaja neno hilo hapakuwa na mjadala zaidi.

Basi ikawa hivi: yeye atasema mstari, mimi nitauandika kwa kidole kimoja, atangoja, kisha atasema mwingine.

Kabla hatujaanza alikwisha kuivika mashine nguo. Nyumba za kwetu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vitambaa vyao, hata picha ya Moyo Mtakatifu ilikuwa na kitambaa begani. Kompyuta ilikuwa sanduku la chuma lililolala, na kioo kikiwa kimekaa juu yake. Alifuma kitambaa chepesi cha uzi mweupe, akakilaza juu ya sanduku kabla kioo hakijawekwa, kikaning'inia pembeni na nyuma kuficha zile nyaya, ambazo alisema zinafanana na utumbo. Mbele alikiachia mwanya wa kitufe na wa mdomo wa disketi. Kioo nacho kilipata kifuniko chake. Tulipofanya kazi tulikifunua kioo peke yake. Kitambaa cha sanduku hakikuondoka, maana kukiondoa ni lazima uinue kioo, na nani angekiinua, mimi mwenye mkono mmoja au yeye mgonjwa?

Juma la kwanza kazi ilikwenda. Alinisemea wimbo wa kushukuru mavuno, wa kumpokea mgeni, na ule wa ndoa ambao humtania bwana harusi hadi mama yake anaona haya. Tulicheka. Nilimshukuru Mungu kwa machozi kwamba amenipa njia.

Kisha siku moja alasiri, katikati ya mstari, kioo chote kiligeuka buluu. Kilikuwa buluu kama kanga mpya, na juu yake maandishi meupe ya Kiingereza. Niliyasoma kwa taabu. Kulikuwa na neno moja nisilolijua, nikalitafuta katika kamusi ya zamani niliyoachiwa na padri aliyerudi kwao. Kamusi ilisema ni jambo la kuleta mauti. Sikumtafsiria mke wangu. Niliizima mashine, nikaiwasha. Ilichukua muda mrefu ikijikagua yenyewe, na ilipokuwa tayari yeye alikuwa amelala.

Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Baadhi ya siku iliniachia wimbo mzima, baadhi ya siku haikuniachia hata ubeti. Nilijifunza kuhifadhi kila baada ya ubeti ili nisipoteze mengi. Lakini tulichokuwa tunapoteza hakikuwa maandishi. Mgonjwa ana pumzi chache za kusema kwa siku, na zile pumzi zilikuwa zinatumika kuingoja mashine ijikague. Ilipoamka mashine, yeye hakuwa na nguvu. Alipopata nguvu, mashine ilianguka.

Nilikwenda ofisi ya parokia kumpigia mwanangu simu. Akaniambia niizime na kuiwasha. Nikamwambia hilo ndilo ninalolifanya kuliko kazi yenyewe. Akasema labda ni umeme wa mji, nitafute fundi, naye ataomba ruhusa aje mwenyewe. Ruhusa hiyo aliiomba mara nyingi. Dhahabu haikumruhusu.

Fundi alikuwa kijana mwenye duka la kutengeneza redio na televisheni karibu na soko, aliyejifunza kompyuta Mwanza. Alikuja nyumbani, tukamwita jirani akainua kioo, tukaondoa kitambaa kwa heshima ya mgeni, akafungua sanduku, akachungulia. Akaiwasha ikiwa wazi vile vile. Akanywa chai, akala na viazi, mashine inanguruma vizuri mbele yake kama mtoto mtundu aliyefikishwa kwa mwalimu mkuu. Akasema umeme wetu unapanda na kushuka, akatuuzia stabilaiza nzito kama jiwe la kusagia. Alipoondoka tukaivika mashine nguo yake. Kesho yake alasiri ikageuka buluu.

Nikaipeleka dukani kwake kwa baiskeli ya kukodi, sanduku peke yake. Akaiacha ikiwaka mezani kutwa nzima kati ya redio zilizopasuliwa. Niliporudi kuichukua alikuwa anachezea mchezo wa karata ndani yake.

"Shikamoo mzee. Mashine yako haina ugonjwa."

"Marahaba. Kwangu inaanguka kila siku."

"Basi labda ni vidole vyako," alisema, na wateja wake wakaanza kutabasamu kabla hajamaliza. "Vidole vya katekista. Inadhani unaikemea kama pepo."

Nilicheka nao, maana mzee akitaniwa na vijana akakasirika amejipunguza mwenyewe. Wakati nafunga kamba, akaongeza jambo ambalo nimelitafuna hadi leo. Alisema ndani ya sanduku ameona vumbi jingi, vumbi letu hili la Shinyanga lisilobagua tajiri wala maskini, na kwamba vumbi ndilo adui wa kompyuta. Akasema, "Ifunikeni vizuri, mzee."

Nililifikisha neno hilo nyumbani kama nilivyolipokea. Mke wangu alijiinua kutoka kwenye kochi alikokuwa amelala. Kwa siku nyingi hakuwa ameniomba kitu. Sasa aliniomba niende dukani kwa yule mama wa Kihindi aliyekuwa akimuuzia vitambaa tangu watoto wetu wakiwa wadogo, nimletee tetroni nzito ya rangi ya maziwa na bitana. Yule mama aliuliza hali ya mgonjwa, akapima kitambaa, akaongeza kipande juu bila kusema. Mke wangu akashona kwa mkono, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya mshono. Alitia bitana mbili. Akadarizi msalaba mdogo na maua mekundu pembeni. Nyuma akakirefusha hadi kikagusa meza, vumbi lisipate pa kupenya. Ilikuwa kazi yake ya mwisho ya mikono, na nzuri kuliko zote.

Tangu siku jirani alipoinua kioo tukakilaza juu ya sanduku, mashine ilizidi kuanguka. Kabla, ilikuwa inatuachia nyimbo. Sasa ilituachia mistari.

Walikuja ndugu zake kutoka Tinde kumwona. Kaka yake, mtu wa ng'ombe, anayesali Pasaka na Noeli, aliitazama kompyuta kwa muda kisha akanitoa nje. Alisema kitu kilichotoka kwenye dhahabu hakiingii nyumba ya mgonjwa bure. Huko mashimoni watu wanatoa vitu ili wapate vitu, mwanangu amepewa asichokijua, na mke wangu ndiye anayelipa. Kulikuwa na mganga mmoja anayeweza kuja kuiangalia. Nilimwambia kwamba nyumba hii ina Mungu mmoja. Akanijibu kwamba Mungu huyo mmoja ananitazama tu nikibonyeza kwa kidole wakati dada yake anakwisha. Usiku nilisali rozari, na maneno yake yakawa yananijia baina ya Salamu Maria.

Mke wangu alikuwa amesikia kupitia dirishani. Kesho yake aliniuliza kama sitaki walau kuinyunyizia maji ya baraka.

"Ungependa?" nikamuuliza.

"Itakufa," akasema. "Ila itakufa imebatizwa."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliponichekesha.

Asubuhi mashine ilikuwa na afya kuliko alasiri. Niliona, lakini sikujua naona nini. Na asubuhi hazikuwa zetu. Kwetu asubuhi ni ya wageni wa mgonjwa: akina mama wanakuja na uji, wanasalimu "mhola", wanakaa, wanasali, hawafukuziki. Alasiri, jua likiwa limeyachoma mabati na nyumba imekuwa kama tanuri, wageni walipungua, nasi tukaanza.

Wimbo mmoja aliuweka mwisho. Nilijua upo, sikuwahi kuusikia. Kwetu, mtoto mchanga akifa kabla hajabatizwa, kabla hajawa mtu wa kutajwa, wanaume hawaendi. Wanawake wanamzika wenyewe, karibu na nyumba, kwa kimya, na wanaume wanakaa nje kwenye benchi wakizungumza mvua. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo tulipompoteza mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu alitunga wimbo wake baada ya hapo. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, mama yeyote kwenye mtaa akifiwa na kichanga, walimwita yeye. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaimba wimbo huo kwa mama yule peke yake. Akina mama wengine walikuwa wanausikia kwa mbali tu. Katika vitabu vyetu vya sala hapakuwa na wimbo kwa kifo cha namna hiyo. Mimi niliyefundisha dini nilikuwa sina neno la kuwapa wale akina mama. Neno alikuwa nalo yeye.

Siku alipoamua kunipa, alisema, "Leo nitakwambia kitu cha wanawake. Mungu atanisamehe, maana hakuna mwingine wa kukiandika."

Akasema ubeti wa kwanza. Nikaandika, nikahifadhi. Kulikuwa na mstari ambao kwa Kiswahili ungesema: hukupotea njia, mwanangu, mlango wetu ndio ulikuwa mfupi. Niliposikia hivyo kidole changu kilisimama. Akaniambia niendelee, si wakati wa kulia. Ubeti wa pili nikaandika, nikahifadhi.

Ubeti wa tatu, akaniambia, ndio wenyewe. Hizo mbili za kwanza ni za kumuaga mtoto. Wa tatu ni wa kumwinua mama kutoka chini, na bila huo afadhali usiimbe kabisa, utamwacha mtu shimoni. Akaanza. Sauti ilikuwa ndogo. Nilikuwa nawinda herufi moja moja, na masikio yangu yote yalikuwa kwenye kidole. Alikuwa amefika mstari wa tatu au wa nne. Kioo kikageuka buluu.

Nilimwomba auseme tena bila mashine, niusikie tu. Alitikisa kichwa. Jasho lilikuwa limemlowesha. Alisema, "Kesho, Mwalimu."

Kesho yake alikuwa anatutambua lakini maneno hayakutoka. Siku chache baadaye nilimfumba macho.

Mwanangu alipata ruhusa ya kuja kuzika. Akina mama wa jumuiya walifika kabla hata sijajua la kufanya, wakafanya kama ifanyavyo kwenye kila msiba: walitoa viti vyote sebuleni, wakatandika mikeka, wakaondoa vitambaa vyote nyumba nzima na kuvitia kwenye beseni la kufua. Kompyuta ilihamishiwa chumbani, ikawekwa juu ya kabati fupi la nguo, tupu kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyeifikiria.

Matanga yalipoanuliwa na mwanangu kurudi kazini, padri alinitaka niandike shukrani zisomwe kanisani. Niliketi chumbani alasiri, jua likiwa kali, nikaiwasha nikiingojea ianguke. Haikuanguka. Niliandika shukrani kwa wote waliotufariji, nikazifuta, nikaandika upya, nikakaa tu nikiitazama hadi giza likaingia. Haikuanguka. Kesho yake pia. Shemeji yangu, yule wa Tinde, alikuwa bado hajaondoka. Alisimama mlangoni akaitazama.

"Unaona," akasema. "Ilikuwa inamngoja aondoke."

Nami, mtu wa sala, kwa siku kadhaa nilikuwa sina jibu jingine.

Kisha dada yake mke wangu alimaliza kufua na kupiga pasi. Alirudisha viti, akarudisha mashine sebuleni, na kwa mapenzi akaivika tetroni ile yenye msalaba na maua. Siku hiyo hiyo, nikitafuta katika nyimbo zake, kioo kikageuka buluu. Niliweka mkono juu ya kitambaa. Nikapenyeza mkono chini yake. Chuma kilikuwa cha moto kama kikaango. Nyuma, kwenye kile kitundu ambapo feni hutoa hewa, bitana ilikuwa imenata na imegeuka rangi, kahawia, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Nilimwita shemeji akainua kioo. Nilikiondoa kitambaa. Nikaisubiri ipoe, nikaiwasha. Ikawaka hadi jioni.

Hakuna aliyeniloga. Hakuna umeme ulioniharibia. Stabilaiza ile naitumia kushikilia mlango. Mashine ilikuwa inakosa pumzi, na waliokuwa wanaifunika ni watu wawili walioipenda, mmoja wao akiwa naye anakosa pumzi mbele yake. Fundi alisema tuifunike. Aliyefunika alishona kwa nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, nikiligeuza kila upande kutafuta mahali pa kumshukuru Mungu. Ninamshukuru kwa nyimbo tulizopata. Ninamshukuru kwamba mke wangu hakujua. Kwa lililobaki, namwambia kila asubuhi kwamba bado nasubiri anieleze, na ninasubiri kwa subira, lakini sijasema asante.

Mwanangu alipokuja kwenye arobaini alilifungua sanduku, akaona weusi uliotanda ndani.

"Baba, hili lilikuwa joto tu. Mlilifunikia nini?"

"Vumbi, mwanangu," nikamwambia. "Tuliogopa vumbi."

Alikiona kitambaa kimekunjwa juu ya rafu. Akaanza kulifunga sanduku. Yeye ndiye aliyeileta, na nadhani aliujua mwisho wa swali lake.

Niliwatafuta akina mama ambao mke wangu aliwaimbia ubeti ule. Nilikwenda kwao na dada yake, ili isiwe mwanaume anauliza peke yake. Walitupokea vizuri. Mmoja alikumbuka kwamba alishikwa mkono. Mwingine alikumbuka maziwa, kwamba wimbo ulitaja maziwa mahali fulani. Wa tatu alisema siku ile alikuwa hasikii kitu, alikuwa anaona mdomo unacheza tu. Wote waliousikia wimbo ule waliusikia siku ambayo mtu hakumbuki lolote. Dada yake aliijua tuni yake kwa mbali, nikamsomea beti mbili hadi zikamkaa.

Kitabu kilitoka, kidogo, chenye jalada la kijani. Wimbo huo nilikataa usitiwe.

Mwaka uliofuata binti wa jirani alifiwa na kichanga. Walimwita dada yake mke wangu. Aliingia, mlango ukafungwa. Sisi wanaume tulikaa nje kwenye benchi, mtu akazungumza mvua, kwamba huko Ushetu imekwisha nyesha na sisi bado. Nikasikia wimbo umeanza ndani. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kisha ukakatika palepale, na baada yake ikasikika sauti ya yule binti peke yake, ikilia. Wenzangu waliendelea na habari za mvua. Nilitazama chini, kwenye vumbi, nikingoja mtu ndani ya kile chumba aendelee.